Foromali ikisimama wima: nilivyonasa mizunguko ya ngalawa

Nilitaka ngalawa ya kwenye kompyuta yangu iende kama ngalawa za Sahare, hapa Tanga, zinavyokwenda, si kama vile vyombo vya katuni vinavyoyumba kulia na kushoto kwa kipimo kimoja. Nikaona bora niuchukue mwendo wenyewe baharini. Simu moja niliifunga kwa mpira wa tyubu kwenye foromali, yaani mti unaoshika tanga, imelala sambamba na mti, na nyingine nikaibana chini karibu na mlingoti, zote zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Mjomba wangu, ambaye ndiye nahodha, alizitazama akasema, "Ikidondoka moja mimi sizamii." Nikamjibu, "Haya mjomba, nitazamia mwenyewe."

Programu niliyoiandika ilisoma pembe tatu kutoka kila simu: uelekeo, mwinamo wa mbele na nyuma, na mlalo wa ubavuni. Hizo ndizo pembe za Euler, zenye jina la mwanahisabati Leonhard Euler, na kwa mazungumzo ya watu hazina mpinzani. Mwambie mvuvi yeyote chombo kililala nyuzi 20, atakuelewa hapo hapo. Vurugu lilianza tulipogeuza tanga. Ngalawa ikibadili upande wa upepo, foromali husimamishwa wima, ikapitishwa mbele ya mlingoti na kushushwa upande wa pili. Pale iliposimama wima, namba za simu ya juu zikapagawa: uelekeo unaruka kutoka nyuzi 50 hadi 170, mlalo nao unaruka vilevile, na foromali yenyewe imetikisika kidogo tu.

Simu haikuwa na ubovu wowote. Pembe za Euler ni mizunguko mitatu inayofuatana. Ule wa kwanza huzunguka mstari wa wima wa dunia, na wa mwisho huzunguka urefu wa simu. Mzunguko wa kati ukifika nyuzi 90, urefu wa simu nao unakuwa wima, basi wa kwanza na wa mwisho inazunguka mstari uleule. Pembe mbili zimekuwa moja. Kinachojulikana hapo ni matokeo yao kwa pamoja, na namna zinavyogawana haijulikani, ndiyo maana zinarukaruka. Chombo cha Apollo 11 kilichokwenda mwezini mwaka 1969 kilikuwa na kifaa cha mwelekeo chenye pete tatu, na pete hizo zilikuwa na ugonjwa huohuo. Michael Collins, mmoja wa wanaanga wake, alitania kwamba aletewe pete ya nne kama zawadi ya Krismasi.

Kubadili mpangilio wa pembe hakusaidii. Ipo mipangilio 12, na kila mmoja una mahali pake pa kukwama. Unahamisha shimo tu, hulifukii.

Nikajaribu matriki, yaani jedwali la namba. Matriki ya mzunguko ina namba 9 na haikwami popote. Lakini mzunguko una uhuru wa mambo matatu tu, kwa hiyo namba 9 zinabanwa na masharti 6: kila safu iwe na urefu wa 1, na safu zote ziwe na pembe ya nyuzi 90 baina yake. Ukichukua wastani wa matriki mbili, masharti hayo huvunjika na ngalawa inaonekana imefinywa. Mimi nilihitaji hali za katikati kila mara, kwa sababu simu mbili hazisomi kwa wakati mmoja kamili.

Kilichoniokoa ni kwatenioni. Euler mwenyewe alionyesha mwaka 1775 kwamba mkao wowote unaweza kufikiwa kwa mzunguko mmoja kuzunguka mhimili mmoja. Kwatenioni inayabeba hayo kwa namba nne: ya kwanza ni kosini ya nusu ya pembe, na tatu zinazobaki ni mhimili uliozidishwa kwa saini (sine) ya nusu ya pembe. Kanuni za kuzizidisha alizipata mwanahisabati William Rowan Hamilton tarehe 16 Oktoba 1843 akitembea kando ya mfereji Dublin, akazichonga kwenye jiwe la daraja: i² = j² = k² = ijk = −1, i, j na k zikiwa alama za nafasi za zile namba tatu za mwisho. Habari njema ni kwamba simu za Android hutoa namba hizo nne zenyewe ukiziomba, hata kabla hazijageuzwa kuwa pembe.

Nililiamini jambo hili nilipolifanya kwa mkono. Shika kiberiti. Kizungushe nyuzi 90 kwa mhimili wa kulia, kisha nyuzi 90 kwa mhimili wa juu. Kwatenioni ya kwanza ni (0.707, 0.707, 0, 0), ya pili (0.707, 0, 0, 0.707). Zizidishe, ya baadaye ikae kushoto, na unapata (½, ½, ½, ½). Kosini ya nyuzi 60 ni nusu, kwa hiyo mizunguko yote miwili ni sawa na mmoja wa nyuzi 120, kwa mstari wa mshazari unaoegemea sawasawa kulia, mbele na juu. Geuza utaratibu, uanze na wa juu: namba ya tatu inakuwa −½, na kiberiti kinaishia kwenye mkao mwingine kabisa.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Ili kujua foromali imekaaje ukilinganisha na chombo, nilizidisha kinyume cha kwatenioni ya simu ya chini kwa ile ya simu ya juu. Hali za katikati nilizipata kwa njia ambayo Ken Shoemake aliiingiza kwenye michoro ya kompyuta mwaka 1985, inayofuata tao badala ya kukata mkato. Angalizo moja: kwatenioni na hasi yake ni mkao uleule. Kabla ya kuunganisha mbili jirani, zidisha kila namba ya moja kwa mwenzake wa nyingine, kisha ujumlishe. Jumla ikiwa hasi, geuza alama za namba zote za kwatenioni moja, la sivyo foromali itazunguka njia ndefu kama imerogwa. Na baada ya kuzidisha mara nyingi, gawa kwa urefu wake ili ubaki 1.

Matriki zilirudi mwishoni, wakati wa kuchora. Mfano wa ngalawa una maelfu ya pointi, na ni nafuu kugeuza kwatenioni kuwa matriki mara moja kwa kila picha kisha kuzipitisha pointi zote humo.

Mjomba alitaka kujua chombo kililala kiasi gani mirengu, yale mabawa ya ubavuni, ikipiga maji. Pembe hizo nazitoa kwa simu ya chini peke yake, maana ile haiwezi kusimama wima mpaka ngalawa ichimbe omo, yaani sehemu ya mbele, moja kwa moja chini, na hapo hakuna atakayeuliza nyuzi ngapi.