Boneti Lilikuwa na Joto

Alhamisi tarehe 3 Agosti 2023, saa tatu na robo asubuhi, niliweka kiganja juu ya boneti la gari dogo jeupe lililokuwa limeegeshwa chini ya paa la mabati katika yadi moja ya kuuzia magari mjini Mombasa, nikahisi joto. Nilidhani ni jua. Sikutafakari kwamba gari lile lilikuwa limelala kivulini usiku kucha na kwamba jua la saa tatu lilikuwa bado halijalifikia. Jambo hilo, ambalo nililipita kwa muda wa kupepesa macho, ndilo nililokuja kuulizwa kwa makini miezi mitatu baadaye katika Mahakama ya Madai Madogo.

Bei tuliyopatana ilikuwa shilingi 720,000. Karibu nusu yake nilikuwa nimeiweka akiba kwa miaka minne, na iliyobaki nilikopa katika chama cha ushirika cha walimu, mkopo ambao ulianza kukatwa kwenye mshahara wangu mwezi uleule. Gari lenyewe halikuwa limeshuka melini juzi. Lilikuwa limetumika humu nchini miaka mitano, kwa hiyo ukaguzi uliofanywa Japani kabla ya kupakiwa haukuweza kunieleza lolote kuhusu hali yake ya siku ile. Nilifuatana na kijana fundi wa mtaani kwetu Kisauni. Alilizunguka, akachungulia chini, akachomoa kijiti cha kupimia oili akakuta oili mpya na safi, kisha tukaliendesha hadi Daraja la Nyali na kurudi. Injini ilinguruma vizuri. Mwenye yadi, mzee mpole wa maneno, aliniambia, "Mwalimu, hili ukilitunza litakutunza," akaniandikia risiti iliyokuwa na muhuri mwekundu chini yake: gari limeuzwa kama lilivyo, hakuna kurudisha gari wala fedha. Nilitia sahihi chini ya muhuri huo bila kuuliza, kwa kuwa niliamini kwamba maneno yaliyopigwa muhuri ndiyo sheria.

Siku ya kumi na saba, Jumapili, tulikuwa tunampeleka mama mkwe wangu kwao Kaloleni. Mjini gari halikuwa limenipa shida yoyote, maana safari zangu zilikuwa fupi, za kwenda shuleni na kurudi. Tulipoiacha barabara kuu pale Mazeras na kuanza kupanda vilima, mshale wa kipimo cha joto uliinuka kutoka katikati ukaelekea kwenye alama nyekundu, na kabla sijapata mahali pa kuegesha, mvuke ulitoka chini ya boneti na kuufunika upande wote wa mbele. Mama alishushwa, akatandikiwa leso chini ya mwembe. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Mwanangu, usifungue kitu kikiwa moto," na ninaamini neno lake ndilo lililoniokoa nisiungue uso, kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kitambaa cha kufungulia kifuniko cha rejeta, chombo cha maji ya kupozea injini. Tulilipa shilingi 9,000 gari likavutwa hadi gereji moja Kisauni, na Mama akamalizia safari kwa matatu.

Fundi wa gereji hiyo ni mzee ambaye hapendi maneno mengi. Alisubiri hadi jioni injini ilipopoa, ndipo akachomoa kile kijiti cha oili na kunionyesha. Oili iliyokuwa safi siku ya ununuzi sasa ilikuwa nzito, nyeupe yenye umanjano, kama tui la nazi lililochanganywa na manjano. Kisha akafungua rejeta, akachota maji kidogo kwa kifuniko cha chupa, akayapeleka kwenye mwanga wa taa. Ndani ya maji hayo yaliyokuwa na rangi ya shaba vilielea vipande vidogo vinavyong'aa, mfano wa magamba ya dagaa. "Hivi havikuzaliwa humu," alisema. "Hii ni dawa ya kuziba uvujaji. Kuna mtu aliitia." Akanieleza kwamba gasketi, ule utando wa kuziba ulio kati ya bloku ya injini na kichwa chake (silinda hedi), ilikuwa imeungua, kwamba maji yalikuwa yakipenya kwenye oili na moshi ukipenya kwenye maji, na kwamba dawa ile huziba ufa kwa muda, siku chache au wiki chache, kwa safari nyepesi za mjini, lakini injini ikifanyishwa kazi mlimani haistahimili. Nilipomweleza kwamba boneti lilikuwa na joto siku ya ununuzi, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba injini yenye ugonjwa huo hujisaliti inapowashwa ikiwa baridi, kwa kukohoa na kutoa moshi mweupe, na kwamba anayetaka kuificha huiwasha mapema kabla mnunuzi hajafika.

Kesho yake nilikwenda yadi. Sikwenda kugombana, nilikwenda nikiwa na hakika kwamba mtu mzima mwenye kunisemesha kwa upole namna ile angesikitika pamoja nami. Aliisoma risiti yangu kana kwamba hakuwa ameiandika yeye. "Uliliona, ukalipanda, fundi wako akalikagua, ukatia sahihi," aliniambia. "Gari lililotumika ni bahati, mwalimu." Nilitoka nikiwa sina la kujibu, na nakiri kwamba usiku ule nilikuwa nimekwisha kukubali kuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na hesabu niliyokuwa nikiipiga kitandani ilikuwa ya mkopo wa pili tu.

Aliyenizuia ni binamu yangu, ambaye mimi humwita Dada kwa kuwa amenizidi umri, na ambaye amefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili kwa miaka mingi. Swali lake la kwanza halikuhusu muhuri. Aliuliza, "Injini imefunguliwa?" Nilipomwambia bado, alishusha pumzi. Alinitaka nimzuie fundi asiguse hata parafujo moja hadi mwuzaji apewe nafasi ya kuja kulitazama gari, kwa sababu injini ikishafunguliwa na kusafishwa, kila upande hubaki na maneno matupu. Ndipo akaigeukia risiti, akanieleza jambo ambalo, baada ya miaka kumi na minane ya kufundisha watoto wa Kenya, niliona uchungu kutolijua.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 nayo, katika kifungu cha 5, inamhesabu mfanyabiashara kuwa amemhakikishia mnunuzi kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha kiasi cha haja, na neno lolote katika mkataba linalojaribu kuifuta dhamana hiyo ni batili. Kwa hiyo muhuri ule mwekundu, ambao nilikuwa nimeuogopa kama amri ya serikali, haukuwa na nguvu ya kufuta nilichopewa na sheria. Dada alitahadharisha hapohapo kwamba kama ningenunua gari kwa jirani anayeuza lake la nyumbani, mambo yangekuwa mengine, maana ulinzi huo unamhusu anayeuza kwa biashara.

Hata hivyo hakunipamba. Aliniambia kwamba kazi ngumu ilikuwa kwingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi aliyekwisha kuikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Mzee wa yadi, bila kutaja kifungu, alikuwa ameshika hoja hiyohiyo aliposema fundi wangu alilikagua. Na kuhusu kurudisha gari na kudai fedha zote, Dada alinishauri nisielekee huko, kwa kuwa nilikuwa nimelitumia zaidi ya wiki mbili, nimehamisha umiliki na kulivisha viti vitambaa vipya, mambo ambayo yangeweza kuhesabiwa kuwa dalili za kulikubali. Tudai gharama ya matengenezo, alisema, na tuthibitishe kwamba kasoro ilikuwamo kabla ya tarehe 3 na ilifichwa.

Tuliandika barua ya madai ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, bei, kilichotokea, tulichokitaka, na siku saba za kuja kulikagua gari. Siku ya sita alikuja kijana aliyetumwa na yadi. Fundi alimkaribisha kiti, akaleta kifaa chake cha kioo chenye kiowevu cha buluu, akakiweka juu ya mdomo wa rejeta na kuiwasha injini. Alitueleza sote wawili kwamba kiowevu hicho hubaki buluu ikiwa hewa inayotoka kwenye maji ni safi, na hubadilika kuwa njano ikiwa kuna moshi wa injini. Tuliinama wote watatu. Hewa ilipanda kwa mapovu, moja, mawili, kisha mfululizo. Buluu ikapauka, ikawa kijani kibichi, ikawa njano. Haikuchukua hata dakika mbili. Kijana yule aliitazama rangi, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Nitamwambia mzee." Fundi alipiga picha, akajaza chupa mbili ndogo, moja ya oili na moja ya maji ya rejeta, akaandika taarifa yake kwa mkono na kutia sahihi na tarehe.

Mzee hakulipa. Jumatatu tarehe 18 Septemba niliwasilisha madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Sikuwa na wakili. Nilijaza fomu mwenyewe, Dada akiwa kando yangu kwenye benchi, nikadai shilingi 118,000 za matengenezo, 9,000 za kulivuta gari, na 14,500 za teksi nilizopanda gari likiwa gereji.

Siku ya kusikilizwa nilizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye yadi alileta hoja yake ileile, na ilikuwa hoja nzito: mnunuzi alikuja na fundi, fundi alipima oili, wakaliendesha gari, wakaridhika. Mwamuzi, mwanamke aliyekuwa akiandika polepole, alimgeukia fundi wangu wa gereji akamwuliza kama ukaguzi wa kawaida ungeiona kasoro ile. Fundi alijibu kwamba ungeiona kama oili isingekuwa imebadilishwa, kama rejeta isingekuwa imetiwa dawa, na kama injini ingewashwa ikiwa baridi. Hapo ndipo mwamuzi aliponiuliza juu ya boneti. Nilimweleza saa, paa la mabati, kivuli, na kiganja changu. Akamwuliza mzee kama gari liliwashwa asubuhi ile kabla sijafika. Mzee alijibu kwamba magari yote huwashwa kila asubuhi ili betri zisife. Akaulizwa ni nani aliyetia dawa kwenye rejeta. Alisema hajui. Chupa yangu ndogo ilikuwa juu ya meza, vile vipande vimetua chini, na mwamuzi aliiinua, akaitikisa mara moja, akavitazama vikielea tena.

Hukumu ilisomwa Jumanne tarehe 7 Novemba. Mwamuzi alisema kwamba ukaguzi hauwezi kumfunga mnunuzi kwa kasoro iliyofichwa makusudi ili ukaguzi usiione, na kwamba maneno ya muhuri hayakumwondolea mwuzaji wajibu wake. Nilipewa gharama za matengenezo, za kuvuta gari na ada za mahakama. Fedha za teksi nilinyimwa, kwa kuwa sikuwa na risiti hata moja, na sikuona dhuluma katika hilo. Mzee aliomba kulipa kwa awamu mbili, nikakubali. Tulipokutana mlangoni alinipa mkono, nami niliupokea, ingawa sikuwa na neno la kumwambia.

Awamu ya pili iliingia kwenye simu yangu wiki moja kabla ya Krismasi, na fundi akamaliza kuifunga injini Ijumaa iliyofuata. Jumapili tulimfuata Mama kumrudisha Kaloleni. Alikuja na dumu la maji la lita kumi, akataka liwekwe miguuni pake, wala si kwenye buti. Tulipoanza kupanda vilima baada ya Mazeras alisogea mbele, akashika kiti changu kwa mikono miwili, akautazama ule mshale. Ulisimama katikati. Aliutazama hadi tulipofika kileleni, ndipo akaegemea nyuma na kuniuliza kama watoto wa shule wameshafunga.