Tatu zilitoka, tatu zikarudi

Sarafu za baba zilikaa miaka yote ndani ya kopo la bati chini ya kitanda chake, kila fungu na kitambaa chake. Tulilifungua miezi mitatu baada ya kumzika. Mama alizipanga juu ya shuka bila kusema neno: pauni 3 za dhahabu za Uingereza, rupia 14 za fedha zenye kichwa cha Malkia Victoria, riale moja kubwa ya fedha ya Maria Theresa, mtawala wa zamani wa Austria, na chenji za nchi nyingi ambazo hazikuwa na madini ya thamani ndani yake. Deni la matibabu ya baba lilikuwa bado linatudai. Mama akasema, "Ziuze, mwanangu. Lakini usimpe mwizi."

Usiku uleule nilifanya kosa la kwanza, na nililifanya kwa mapenzi. Nilizisugua rupia zote 14 kwa dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha mpaka zikametameta. Nilidhani ninaziandaa, kama mtu anavyopiga nguo pasi kabla ya safari. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: sikuandika kitu. Sikuzipima, sikuzipiga picha, sikunakili hata miaka iliyochongwa juu yake. Nilizihesabu tu.

Mnunuzi wa kwanza nilimwendea kwa sababu alikuwa karibu na bango lake lilikuwa kubwa. Alinikaribisha vizuri, akanivutia kiti, akachukua kopo na kuingia nalo nyuma ya pazia. "Mashine iko ndani," alisema. Nilikaa pale yapata robo saa nikisikia sarafu zinagongana. Aliporudi alitaja bei moja ya vitu vyote. Nilimwuliza dhahabu ni kiasi gani humo na fedha ni kiasi gani. Akanijibu kwamba hesabu kama hizo hazifanywi, bei ni ya jumla, tena ni ya leo tu. Kesho nisije kuiuliza.

Hilo la kesho ndilo lililonishtua. Dhahabu ya baba ilikuwa imekaa chini ya kitanda miaka na miaka, iweje ioze usiku mmoja? Nikaomba kopo langu. Nikahesabu mbele yake: pauni 3, rupia 14, riale 1. Zimetimia. Nikamshukuru, nikaondoka.

Baada ya hapo nilibadilisha swali. Mwanzoni nilikuwa nikiuliza watu, "Nani ananunua sarafu?" na kila mtu alikuwa na jibu. Sasa niliwatafuta watu wanaokusanya sarafu kwa kuzipenda, watu wasiokuwa na haja na zangu, nikamwuliza kila mmoja, "Wewe ukitaka kuuza zako, unampelekea nani?" Niliuliza wanne. Watatu walimtaja mwanamke mmoja. Mmoja wao aliniambia kwamba aliwahi kumpelekea sarafu adimu, na yule mama akakataa kuinunua, akamshauri aipeleke mnadani kwa sababu yeye hakuwa na uwezo wa kuilipia thamani yake. Maneno hayo yalinitosha.

Meza yake ilikuwa dirishani, penye mwanga. Hapakuwa na pazia. Alinitandikia kitambaa laini na kuniambia nizitoe sarafu mwenyewe, moja baada ya nyingine, nizishike ukingoni, si usoni. Mizani aliigeuza ikanielekea mimi. "Soma wewe, dada," akasema, "mimi nitaandika."

Pauni ya kwanza, ya mwaka 1911, ilisoma gramu 7.98. Akaniandikia karatasini maana yake: ni dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24, kwa hiyo dhahabu halisi ndani yake ni gramu 7.32. Aunsi ya dhahabu inayotajwa kwenye bei za dunia ni gramu 31.1. Akanionyesha bei ya siku hiyo, akagawanya na kuzidisha mbele ya macho yangu, kisha akaniambia atapunguza kiasi gani ili naye apate riziki. Kwa mara ya kwanza nilielewa bei inatoka wapi. Ya pili, ya 1925, ilisoma 7.97. "Imetumika kidogo," akasema. "Hiyo si kasoro."

Ya tatu ilisoma 3.9.

Nilidhani mizani imeharibika. Aliitoa, akairudisha: 3.9. Akairudisha ile ya kwanza: 7.98. Akaiweka ya tatu ubavuni mwa ya kwanza; upana ulikuwa uleule, unene uleule, Mtakatifu George juu ya farasi wake yuleyule akimchoma joka. Aliisogezea sumaku, haikuvutwa, akanieleza kwamba jambo hilo halisemi lolote, maana shaba nayo haivutwi na sumaku. Kwenye lenzi ndipo nilipoona kwamba herufi zilikuwa zimevimba na kulegea, kama mkate wa nta uliokaribia moto, na meno ya ukingoni hayakuwa sawa.

Aliiweka chini, akaniuliza taratibu, "Dada, hizi zimewahi kutoka machoni pako?"

Nikalikumbuka pazia. Zilitoka tatu, zikarudi tatu, nami nilihesabu idadi nikaridhika. Nilimsimulia yote, machozi yakinilenga, nikamtajia na lile duka. Nilitaka aseme neno moja tu: ndiyo, ni yeye. Lingemfaa pia, maana yule ni mshindani wake.

"Siwezi kumsema mtu kwa jambo nisiloliona," akanijibu. "Huenda ilikuwa humo tangu zamani. Wengi wameuziwa bandia wakazitunza miaka mingi, na baba yako huenda alikuwa mmoja wao. Ninachojua ni kwamba hii si dhahabu, na uzito umeusoma mwenyewe."

Nilimkasirikia kwa dakika nzima. Kisha hasira ikaisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitamwuzia yeye.

Rupia hazikuchukua muda. Alipoziona tu aliuliza nani amezisugua. Tatu kati yake, alisema, zingempendeza mkusanyaji kama zingebaki na rangi yake ya uzee. Mtu akishaisugua sarafu, uso wake haurudi. Sasa zote zitauzwa kwa madini yake: gramu 11.66 kila moja, fedha sehemu 917 kati ya 1,000. Hakunilaumu. Aliandika tu.

Riale ndiyo iliyonigusa. Baba alituambia siku zote kwamba ina zaidi ya miaka 200, kwa sababu imechongwa 1780. Yule mama alinieleza kwamba 1780 ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, na kwamba baada ya hapo sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa kwa ajili ya biashara, Vienna na katika miji mingine, mwaka ukiachwa uleule. Hii yetu ilikuwa ya karne ya 20. Akanishika kidole na kukipitisha ukingoni. Kuna maneno ya Kilatini yaliyoinuka pale, *Iustitia et Clementia*, haki na huruma. "Hii nitakulipia madini yake ya fedha tu," akasema. "Kama si lazima, kaa nayo."

Alinipa ile karatasi yenye hesabu zote na kuniambia niipeleke kwa wanunuzi wengine wawili kabla ya kurudi. Nilikwenda. Mmoja alitaja pungufu kidogo, mwingine hakutaka hata kuisoma. Kesho yake nilirudi, akaniuliza kama bado nimekubali, akaandika kila sarafu kwenye daftari lake, na tukatia saini stakabadhi mbili, yake na yangu.

Jioni nilimpa mama pesa, kisha nikamwekea mezani riale na ile pauni ya shaba, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: kila alipozitoa, baba alikuwa na kawaida ya kuigonga kila pauni mezani kwa ukucha na kuitegea sikio, na yeye akiwa pembeni akishona. Mama akafumba macho. Akaigonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hii siijui," akasema, na kunirudishia.

Ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha yake. Juu yake nimeandika mwaka, upana, na gramu 3.9.