Hilo halitoki NECTA

Tranka langu liko sebuleni wiki ya pili sasa, sijalifungua. Mama akipita analitupia jicho, hasemi kitu. Jana uvumilivu ukamwisha: "Mwanangu, humo hamna nguo za kufua?" Nikamwambia zipo, nitafua kesho. Sikumwambia kwamba sitaki kunusa tena harufu ya bweni.

Nimemaliza kidato cha sita. Siku ya pepa ya mwisho wenzangu walimwagiana maji, wakaandikiana kwenye mashati, wakalia. Mimi nilipanda basi nikiwa kama mtu aliyealikwa harusini akarudi na njaa.

Niseme kwanza nilichokuwa nakitarajia, maana huenda kosa lilianzia hapo. Shule niliyosoma hapa Tanga ilikuwa na advance, yaani kidato cha tano na cha sita. Nikiwa kidato cha pili tuliwaona wale kaka na dada kama watu wazima kabisa. Kuna jioni niliwakuta chini ya mwembe wanabishana kama mwanga ni wimbi au ni chembe. Mmoja anachora mchangani kwa kijiti, mwingine anafuta kwa kandambili na kuchora chake. Nilisimama na ndoo yangu nikisikiliza, sielewi hata nusu, hadi zamu yangu ya bomba ikapita. Kuanzia siku hiyo nikajua huko ndiko ninakokwenda.

Basi matokeo yakatoka, divisheni wani, na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi shule, ikanipanga PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kombi niliyoiomba mwenyewe, kwenye shule ya bweni ya wasichana mkoani Njombe. Kwa hiyo sina wa kumlaumu kwenye kombi. Ada serikali ilishafuta mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga ina mambo yake: fyekeo, jembe, rimu ya karatasi, ndoo mbili, godoro, sweta. Baba aliisoma kwa sauti kama anasomewa orodha ya mahari. Tukasafiri, tukalala Morogoro, kesho yake tukapita Mikumi, tukapanda mlima wa Kitonga, na tuliposhuka Njombe Agosti ile, mimi mtoto wa pwani nilidhani nimeingizwa kwenye friji.

Baridi nilizoea. Kande nilizoea. Hata mchakamchaka wa alfajiri, mkuu wa shule akiwa amesimama na tochi, niliuzoea. Ambacho sikukizoea ni mbio za masomo.

Hesabu yake ni hii. Unaripoti Agosti, unafanya mtihani wa mwisho Mei ya mwaka wa pili baada ya huo. Miezi 21. Toa likizo, toa mitihani ya kila mwezi, toa mock, ule mtihani wa majaribio, toa wiki ya kufyeka kwa sababu mgeni anakuja. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa wa kujitolea. Alipopata ajira akaondoka, na haki yake, ningekuwa mimi nisingeaga hata kwa herufi moja. Baiolojia mwalimu alikuwa mmoja kwa PCB na CBG (kemia, baiolojia na jiografia) zote, na bado kemia ya kidato cha tatu ilikuwa juu yake. Mwaka 2024, sisi tukiwa kidato cha tano, ikatangazwa kwamba tahasusi, yaani kombi, sasa zitafika 65. Usiku ule bwenini tulicheka mpaka matroni akaja kugonga dirisha. Kombi 65, na sisi fizikia tunafundishana.

Kwa hiyo tukawa tunasolvu. Asubuhi pepa za zamani, jioni pepa za zamani, prepo ya usiku pepa za zamani. Tukajua swali gani hurudi na lipi halirudi, kama wavuvi wanavyojua mwezi. Taitresheni ya advance, lile jaribio la kemia la maabara, kwa mikono yangu mwenyewe nimeifanya kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha sita, mwezi wa pili, lakini majibu yake nilikuwa nayajua kwa kichwa tangu mwaka uliotangulia.

Sasa hadithi ya mikoko. Tulikuwa kwenye mada ya usafirishaji, mwalimu anaeleza maji yanavyotoka kwenye myeyuko hafifu kwenda kwenye myeyuko mzito kupitia utando wa seli. Nikawaza kwetu. Mikoko imesimama kwenye maji ya bahari siku nzima. Kwa maelezo yale, chumvi ya bahari ilipaswa kuwa imeinyonya maji yote ikakauka. Mbona ni ya kijani? Nikanyoosha mkono. Kiingereza chote nilikuwa nacho isipokuwa jina la mti wenyewe, nikasema "mikoko" hivyo hivyo, darasa likaangua kicheko, wengine wakadhani natania kuhusu makoko ya ugali. Mwalimu akatulia kidogo na chaki yake. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Hilo halitoki NECTA," akageukia ubao. Yaani Baraza la Mitihani haliulizi hilo.

Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenichapa, na ndiyo maana hata kulielezea nyumbani nimeshindwa. Lakini tangu siku ile nilianza kujisikia mwenyewe nikilisema. Mwenzangu wa kitanda cha juu akiniuliza kitu, kabla sijafikiri jibu, naangalia kama kinatoka. Kisipotoka, namwambia tulale. Usiku mmoja kabla ya pepa ya General Studies nilikariri maana ya falsafa, hoja nne, nikiwa nimejifunika blanketi na tochi ya kuchaji. Hoja nne zote niliziandika. Sasa hivi niulize, ninakumbuka moja, na ni ya mfano.

Mwembe pia ulikuwepo kule, si mwembe hasa, ni mti wa parachichi. Chini yake hakuna aliyekuwa anabishana. Tulikaa tukiulizana ukurasa gani.

Mock nilipata divisheni tuu ya pointi kumi, pointi moja tu nje ya wani, na matokeo yenyewe ni mwezi ujao. Baba anasema tuombe. Naomba. Nataka chuo, na mkopo nitauhitaji kama wengine.

Siku ya kuondoka, nikiwa nimekalia tranka hili hili getini nasubiri bodaboda, mwalimu wa baiolojia alipita na madaftari kwapani. Nikamwamkia. Akaitikia, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Lile la mikoko, ulipata jibu?"

Nikasema bado, mwalimu.

"Mimi kwetu Songea," akasema. "Sijawahi kuuona mkoko." Kengele ikagongwa, akaenda.

Basi jibu nimelitafuta mwenyewe, kwa simu ya Mama, bando la usiku. Kumbe mkoko wenyewe huchuja sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi isiingie. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ule wenye mizizi inayochomoza kwenye tope kama penseli, una njia ya ziada: chumvi inayopenya ndani mti unaitoa kama jasho kwenye majani. Na ndani ya seli zao kuna myeyuko mzito kuliko hata bahari, ndiyo maana maji yanaingia badala ya kutoka. Kanuni ya mwalimu ilikuwa sahihi kabisa. Dakika tano zingetosha.

Jumamosi nilikwenda Kigombe kwa bibi. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikavua ndala, nikaingia topeni hadi kwenye mchu wa kwanza, nikachuma jani, nikaliramba upande wa juu. Chumvi tupu. Nikachuma la pili, nikaramba na lile.

Kulikuwa na bi mmoja anaokota tondo, ndoo kichwani, ananitazama muda wote.

"Wewe mjukuu," akaniambia, "kwenu mchicha umekosekana?"