Saruji Niliyoituma kutoka Muscat

Fundi aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, mara moja tu, akasikiliza. Ulilia kama kitu kitupu. Akasogea hatua mbili, akagonga tena: kitupu vilevile. Akachomeka ncha ya patasi kwenye ufa, akabinya kidogo, na kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikaporomoka miguuni mwetu. Nyuma yake jiwe halikuwa jiwe tena. Ulikuwa unga mweupe wenye unyevu, na nilipougusa na kuonja kidole nikakuta ni chumvi.

"Nani alipiga saruji hapa?" aliuliza.

"Hela nilituma mimi, babu. Mimi na wenzangu."

Hakunikaripia. Alijifuta vumbi mikononi, akasema, "Basi mwanangu, utatusaidia kuibandua."

Naandika haya kwanza kwa wale tuliochanga pamoja Muscat, Oman, mwaka 2014 kuitengeneza nyumba ya kambi. Mlitoa kwa moyo safi, wengine riali tano, wengine ishirini, na kuna mmoja wetu alitoa akiwa hana kazi. Mna haki ya kujua hela zile zilifanya nini. Mimi nimejua hivi karibuni tu, baada ya kurudi Unguja na kukaa, si kuja Idi nikaondoka. Miaka 17 niliyokaa nje nilikuwa nikiingia nyumba ile kama mgeni: napita ukumbini, napiga picha na watoto, nakunywa chai, naondoka. Mgeni haonyeshwi dari.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, ya ghorofa mbili, ni wakfu, na kila likizo ya skuli inakuwa kambi ya sanaa ya vijana. Wako wa mjini, lakini wengi wanatoka mashamba, na wachache wanavuka kwa boti kutoka Pemba. Asubuhi ngoma na michezo ya kuigiza, mchana kuchora na kuchonga, jioni udi, fidla, ganuni na dumbaki mpaka adhana ya Magharibi. Mimi nililala kambini pale nikiwa na miaka 12, mtoto wa Makunduchi ambaye hajawahi kupanda ngazi za ghorofa. Mwalimu wangu wa udi alifariki nikiwa Muscat. Msumari aliokuwa akitundikia udi wake bado upo chumba cha juu, na hakuna anayethubutu kuung'oa.

Mwaka ule wa 2014 tulitumiwa picha za ukumbi wa chini. Lipu imevimba, rangi inabanduka, ukutani pana madoa ya maji mpaka usawa wa goti. Tulikutana kwa mwenzetu mmoja mtaa wa Ruwi, hukohuko Muscat, baada ya Isha na katika saa moja tukakata shauri: saruji. Ndiyo tuliyoizoea. Muscat nzima tuliyokuwa tukiiona ni ya saruji, nyeupe, kavu, imesimama. Hakuna aliyesema tumuulize fundi wa chokaa. Na niseme ukweli wote: tulitaka picha ya kabla na picha ya baada. Tuliipata. Ukuta ulinyooka kama karatasi, tukaipeleka kwenye makundi yote ya WhatsApp, tukapongezana.

Fundi alinieleza kilichofuata huku akinionyesha kwa kidole, na mimi nawaeleza nyinyi kwa sababu wengi wetu tuna nyumba za wazee zinazongoja hela zetu. Mawe ya kuta hizi ni ya matumbawe. Yana vitundu, yanafyonza maji ya ardhini, na huku pwani maji hayo yana chumvi. Wazee walijua, wakajenga kwa chokaa na kuzipaka chokaa, kwa kuwa chokaa hupumua. Ukuta unakunywa maji wakati wa masika, kusi likivuma unakauka. Saruji yetu iliuziba pumzi. Maji yaliyokuwa yakitokea chini ya goti yakakosa pa kutokea, yakapanda, mwaka hadi mwaka, mpaka yakafika kwenye vichwa vya boriti. Na kila yalipokauka yakiwa ndani, chumvi iliganda, ikatanuka, ikalisaga jiwe.

Boriti ni za mkoko. Ndizo zilizopanga upana wa vyumba vyetu, maana mkoko ulionyooka haukupi zaidi ya kama mita tatu, ndiyo sababu nyumba za huku zina vyumba virefu na vyembamba. Tulizihesabu kwa tochi, mimi na fundi: juu ya ukumbi kuna 58, na 23 vichwa vyake vimeoza pale vinapoingia ukutani. Ukizichoma kwa bisibisi inazama kama kwenye muhogo uliopikwa. Juu ya boriti hizo ndipo watoto wanapochezea ngoma ya beni.

Bibi anayewapikia watoto hakuwa na haja ya tochi. "Mwaka huu nimewalaza chini wote," aliniambia. "Kule juu usiku nasikia mchanga unadondoka." Alikuwa akiwaambia watu hivyo tangu mwaka jana. Ujumbe wake haukufika Muscat kwa sababu sisi tulikuwa tukizungumza na kamati tu, na kamati haikutaka kutuvunja moyo.

Tarehe 25 Desemba 2020 nilikuwa kazini video zilipoanza kuingia: Beit al-Ajaib imeanguka. Jumba la sultani Sayyid Barghash pale Mji Mkongwe, la mwaka 1883, limekatika upande mmoja huku likiwa katika matengenezo, na watu wawili wamekufa. Siku ile Waswahili wa Muscat tulilia kama msiba wa nyumbani, na ulikuwa msiba wa nyumbani. Nilipiga simu Unguja kuulizia jamaa, mmoja mmoja. Nyumba ya kambi sikuiulizia. Nilidhani ile tumeshaitengeneza.

Sasa tunabandua. Kibali tumekiomba kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, dari ya ukumbi imeegemezwa kwa magogo, na vijana wakubwa wa kambi wanashinda pale na patasi, taratibu, kwa sababu ukiharakisha unaondoka na jiwe. Siku ya tatu kijana mmoja aliniita kwa sauti ya kunong'ona. Nyuma ya bawa la mlango mkubwa mafundi wetu wa 2014 hawakujisumbua kubandua lipu ya zamani, waliipaka saruji juu yake tu. Saruji ilipotoka, chokaa ya zamani ilibaki nzima, na juu yake kuna jahazi. Limechorwa kwa ncha ya msumari, lina mlingoti ulioinama, foromali, tanga limejaa upepo, na chini yake kuna jahazi jingine dogo lililochorwa na mkono wa mtoto. Sisi wa kambi tulikuwa tukilijua jahazi hilo. Mwalimu alitwambia lipo tangu kabla ya yeye kuzaliwa, na tulikuwa tukiligusa tukiingia. Nilijua hakika limekwenda, na nilijua nani kalifukia. Niliweka mkono pale nikashindwa kusema.

Nikija kwenye hela. Mwezi uliopita nilipoanza kuomba tena, jibu la kwanza kutoka Muscat lilikuwa, "Si tulishatoa?" Ni kweli mlishatoa, na sina neno la kumlaumu aliyeuliza. Nilichojifunza ni kwamba tulichanga kwa mbali na kwa siri. Hela ziliingia simu ya mtu mmoja, zikatoka, tukaona picha. Kwetu kuna namna nyingine ya kutoa ambayo sote tumekulia ndani yake. Kwenye taarabu mtu akiguswa huinuka, akaenda mbele akicheza polepole, akamtunza mwimbaji, na ukumbi wote unaona. Hakuna anayeuliza hela imekwenda wapi.

Basi tulifanya hivyo. Ijumaa moja usiku watoto walipiga uani, juu ya mikeka, na ukuta uliobanduliwa ukiwa wazi nyuma yao ili kila mtu auone. Msichana wa Fumba aliimba, na wazee kwenye baraza wakaanza kutajiana Siti binti Saad, aliyetoka Fumba hiyohiyo akiuza vyungu mpaka akafika Bombay kurekodi mwaka 1928. Watu wakainuka kutunza. Muuza urojo wa pembeni alikuja na noti za elfu moja moja. Bibi wa jikoni alitoa khanga mpya na ikanadiwa palepale. Hela zilihesabiwa juu ya sinia mbele ya watu, zikaandikwa kwenye daftari, na daftari linasomwa kwa sauti barazani kila Ijumaa baada ya Alasiri. Mkitaka, nitawasomea kwa simu, ukurasa kwa ukurasa.

Zilizopatikana zimetosha chokaa na kuegemeza dari. Hazijatosha boriti 23, ambazo lazima zipatikane kwa kibali, maana mikoko yetu haikatwi ovyo, wala ujira wa vijana wawili watakaofundishwa kazi. Hili la vijana wawili nawaomba mlipe uzito kuliko yote. Fundi ana miaka zaidi ya 70, na watu anaoweza kuwaachia sepeto yake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bila watu wa kuijua, chokaa ni vumbi tu. Rangi msitutumie. Kibao cha majina ya wafadhili msitutumie. Anayeweza kutoa kidogo kila mwaka masika yakiisha, kwa ajili ya kupaka chokaa upya na kuzibua makopo ya kutolea maji ya mvua, huyo anatufaa kuliko anayetoa nyingi mara moja.

Na kuna kazi moja haihitaji hela. Sakafu ya juu itajengwa upya kama zamani, kokoto za matumbawe na chokaa, na sakafu ya namna hiyo hupigwa. Watu wanajipanga safu, kila mmoja na kipigio chake cha mti, mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia na kupiga kwa mdundo mmoja, siku baada ya siku, mpaka inashikamana na maji hayapiti. Fundi anasema nyimbo zilikuwa muhimu kwa sababu asiyepiga kwa mdundo anaacha shimo. Alipowaimbia watoto ubeti mmoja anaoukumbuka, wa dumbaki waliudaka kabla hajamaliza. Wanataka kuipiga wao. Tumekubaliana: asubuhi mafundi, jioni kambi nzima, na anayekuja Unguja likizo hii aje na nguo za kuchafua.

Chokaa kwa sasa iko shimoni uani, imezimwa, inaiva. Fundi hataki iguswe kabla ya wiki kadhaa kupita. Kazi yangu mimi ni ndogo: kila alfajiri baada ya sala naenda na ndoo, nafunua makuti, naangalia kama maji bado yameifunika juu. Yakipungua naongeza. Leo niliongeza ndoo moja na nusu.