Kisanduku cha bati kinachopunguza sauti

Jumamosi iliyopita mwalimu wa kwaya moja ya upande wa Tukuyu alikuja studio kwangu, hapa Soweto, Mbeya, kusikiliza nyimbo tulizorekodi naye. Akavuta kiti, akaniambia, "Kijana wangu, zima hicho kioo. Mimi nasikiliza kwa masikio." Nikazima skrini. Nikampigia wimbo uleule mara mbili: kwanza kama ulivyotoka kwenye maiki, kisha ukiwa umepita kwenye kisanduku changu, ukubwa wa sauti nimeulinganisha kabisa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Huu wa pili, wazee wa sauti ya nne wamesogea mbele, ila hawajapaza." Kisha akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na kuulizia chai.

Mwaka mzima nimekuwa nikiwaeleza vijana wanaokuja kujifunza kwangu maana ya ikwalaiza pasivu, yaani chombo cha kurekebisha besi na trebo bila kutumia umeme wake wenyewe, na sijawahi kuisema vizuri kama alivyoisema mwalimu yule.

Kisanduku chenyewe ni mkebe wa biskuti nilioutoboa matundu sita mbele: manne ya nobu, mawili ya swichi za kuzungusha. Ndani mna koili moja, kapasita na rezista, basi. Hakuna waya unaokwenda ukutani, hakuna betri, hakuna hata transista moja. Mashine maarufu ya aina hii ni Pultec EQP-1 ya mwaka 1951, iliyotengenezwa New Jersey, Marekani, na Eugene Shenk na Ollie Summerland wa Pulse Techniques. Ile ilikuwa na sehemu mbili: mzunguko pasivu unaochonga sauti, na nyuma yake amplifaya ya valvu ya kurudisha nguvu iliyopotea, kama desibeli 16 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mimi nimejenga nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili naazima kwenye intafesi yangu, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, kwenye tundu la maiki.

Hapa ndipo vijana wengi wanaposhikwa. Wanauliza: kama haina umeme, inaongezaje besi? Haiongezi. Fikiria mifereji ya mashamba ya mpunga kule Usangu. Lango la mfereji halitengenezi maji. Ukiteremsha mbao za malango yote nusu, mashamba yote yanapata maji kidogo; ukiinua ubao wa shamba moja, shamba hilo linaonekana limependelewa, kumbe limerudishiwa tu kile lilichonyimwa. Mkebe wangu unateremsha masafa yote kwa desibeli 20, yaani volti inayotoka ni moja ya kumi ya ile iliyoingia. Nobu iliyoandikwa "ongeza" inapunguza ule ukataji mahali fulani. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanafuata, pamoja na kujua kwa nini sauti yake haina ile hali ya kusukumwa kwa nguvu.

Koili ndiyo iliyonisumbua zaidi, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Nilihitaji milihenri 47 (henri ni kipimo cha koili). Pale Mwanjelwa kuna mzee fundi redio ambaye ameshika redio tangu sijazaliwa. Nikamwendea. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeniletea ugonjwa gani leo?" Nilipomweleza, akatoa kopo la vyuma chakavu, na humo kulikuwa na kiini cha feraiti cha duara, kile chenye vipande viwili kama vikombe vilivyofunikana, aina iliyokuwa ikitumika kwenye vichujio vya mitambo ya simu. Kilipigwa chapa ya 1000. Namba hiyo ni nanohenri kwa mzunguko mmoja, na henri hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Milihenri 47 ni nanohenri milioni 47. Gawa kwa 1000 unapata 47,000. Kipeuo chake cha pili ni kama 217. Tulizungusha waya mizunguko 217 tukihesabu kwa sauti, yeye akichora mstari kwenye boksi kila tukifika 50. Mita ilipoonyesha 46.8 alicheka kama aliyepata mjukuu.

Koili hiyo moja inafanya kazi na kapasita nne, na swichi ndiyo inayochagua. Nanofaradi (kipimo cha kapasita) 33 inakupa kilohezi 4, nanofaradi 22 inakupa 5, 8.2 inakupa 8, na 5.6 inakukaribisha kwenye 10. Angalia vizuri: 8.2 ni robo ya 33, na masafa yamekuwa mara mbili. Hivyo hivyo 5.6 na 22. Ukitaka kujenga ya kwako, kanuni hiyo ya robo itakuokoa mahesabu mengi.

Besi haina koili kwangu, ni kapasita na rezista peke yake, na sina mengi ya kusema juu ya ujenzi wake.

Kitu kinachosahaulika ni mzigo. Mzunguko pasivu unasikia kila ulichouchomekea. Mahesabu yangu niliyafanya nikidhani kinachopokea kina oumu 600 (oumu ni kipimo cha ukinzani), kama vyombo vya zamani. Mara ya kwanza nikachomeka kwenye tundu la laini la mikseri, lenye oumu 10,000, na trebo ikawa inachoma kama pilipili kichaa. Nilidhani nimekosea kapasita. Nilifungua mkebe mara tatu. Kumbe kapasita hazikuwa na kosa lolote, mzigo ndio ulikuwa mwepesi mno, maana oumu zikiwa nyingi mzigo unakuwa mdogo. Sasa natumia tundu la maiki lenye oumu 2,400, na ndani ya jeki ya waya wa kurudi nimechomelea rezista ya oumu 820 sambamba na tundu hilo. Viwili hivyo kwa pamoja vinafanya kama 611. Trebo ilitulia siku hiyohiyo.

Halafu mvumo. Kwa kuwa narudisha desibeli 20, chochote kilichoingia kwenye mkebe kinakuzwa pia mara kumi. Usiku wa kwanza nilisikia mngurumo wa hezi 50, umeme wenyewe wa ukutani, ndani ya kisanduku kisicho na umeme! Nilibadilisha nyaya bure. Koili ilikuwa inausikia transfoma wa amplifaya ya spika, vyote vikiwa kwenye meza moja. Nilihamishia mkebe mwisho wa rafu, mvumo ukapungua sana. Uliobaki niliumaliza kwa kuigeuza koili nyuzi 90 nikiwa nimevaa hedfoni, nikatafuta pembe inayonyamaza, ndipo nikaigundisha. Tafadhali usigundishe koili kabla ya kuisikiliza.

Matumizi yako hivi. Natoa sauti kutoka kompyuta kwenye tundu la tatu la kutokea, inapita mkebe, inarudi kwenye maiki ya pili, na ile swichi ya volti 48, inayopeleka umeme kwenye maiki, lazima iwe imezimwa. Kwenye Reaper, programu yangu ya kurekodia, natumia ReaInsert, ambayo hupiga mlio mfupi na kupima ucheleweshaji, kisha inaufidia. Nobu zote zikiwa sifuri, natuma mlio wa kilohezi 1 kwenye desibeli -18, napandisha geini (nobu ya kukuza sauti ya tundu la maiki) hadi urudi -18 uleule. Hapo nimechora alama ya penseli. Na kila ninapogusa nobu nalinganisha ukubwa upya kabla sijahukumu, maana sikio linadanganywa na kelele: kilichopanda desibeli moja tu kinaonekana kitamu zaidi hata kama kimeharibika. Nina uhakika nusu ya miksi mbaya zinazotoka mkoani kwetu zimetokana na hilo.

Sasa wazee wa sauti ya nne. Kanisa tuliporekodia ni la tofali, juu bati, na besi za waimbaji zilikuwa zimezama kwenye ule uvumi wa ukumbi unaokaa kati ya hezi 200 na 400. Ukikata hapo kwa ikwalaiza ya kompyuta, uvumi unaondoka na vifua vya wazee vinaondoka nao. Kwenye mkebe naweka swichi ya chini kwenye hezi 60, nazungusha nobu ya kuongeza hadi 3, na nobu ya kupunguza hadi 3 vilevile. Mtu atasema zinafutana. Hazifutani, kwa sababu kila moja inaanza kazi mahali pake: ya kuongeza inakaa chini, ya kupunguza inapanda juu zaidi kidogo. Kinachobaki ni kimwinuko chini na kibonde juu yake, na kwenye mkebe wangu kibonde hicho kinaangukia palepale penye uvumi. Juu nikaweka kilohezi 10, upana wote, nobu kwenye 2, pumzi za sauti ya kwanza zikafunguka. Sikugusa zaidi. Hizo nobu tatu ndizo alizozisikia mwalimu.

Sauti ya mluzi, au "s" inayokata, usiilete kwenye mkebe huu. Mkono wake ni mpana mno kwa kazi hiyo; kompyuta inatosha.

Shida yangu ya sasa ni kwamba mkebe ni mmoja na kwaya nairekodi kwa maiki mbili, kushoto na kulia. Kwa hiyo napitisha kushoto, wimbo wote wa dakika tano, halafu kulia dakika tano nyingine, bila kugusa nobu, mlango umefungwa mtu asije akaegemea meza. Umeme ukikatika katikati, naanza upya. Kabla ya kuzima napiga picha nobu zote kwa simu, maana mkebe hauna kumbukumbu.

Jumatatu nakwenda tena Mwanjelwa. Mzee amepata kiini kingine kwenye kopo lake, ila namba imefutika. Tutazungusha mizunguko 100 kwanza, tupime, ndipo tujue imebaki mingapi.