Injini Ikizimika Baada ya Kupaa: Ninavyojiandaa na Ninavyofundisha

Ninafundisha urubani kwa Cessna 172S katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, na somo ninalolipa uzito kuliko yote ni la injini kuzimika ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi. Msimamo wangu ni kwamba maamuzi makubwa ya tukio hilo yafanywe magurudumu yakiwa bado chini. Hewani hakuna muda wa kuamua. Kuna muda wa kutekeleza tu.

Naanza na hesabu ya hewa. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida la vitabuni kwa kimo hicho ni nyuzi 4, kwa hiyo mchana wa nyuzi 25 una ziada ya nyuzi 21. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kila nyuzi ya ziada ni kama kuongeza kimo kwa takribani futi 120, na ndege inajikuta inaruka kana kwamba iko futi 8,000. Injini ya Lycoming IO-360, yenye nguvu farasi 180 pwani, hapo hutoa kama robo tatu tu ya nguvu hiyo. Kipima mwendo kikionyesha noti 70 (noti ni maili ya baharini kwa saa), ndege inakata hewa kwa karibu noti 79. Aliyejifunzia Mombasa au Dar es Salaam hushangaa akifika huku: anakimbia sana kabla ya kupaa, anapanda polepole, na akigeuka anachora duara pana.

Kisha mafuta, maana hapo ndipo penye chanzo cha matatizo mengi yanayoweza kuzuilika. 172S ina vizibo 13 vya kuchotea sampuli, vitano kila bawa na vitatu tumboni, na vyote nachota. Maji huzama chini ya kichupa. Sampuli ikiwa safi kabisa bila rangi ya buluu ya 100LL, petroli ya ndege hii, usifurahi: inawezekana kichupa kizima ni maji, au mtu ametia Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Inuse, ipake kidoleni. Jet A-1 huacha ulaini wa mafuta ya taa, petroli huruka mara moja. Kosa hilo ni hatari kwa sababu petroli iliyobaki kwenye mabomba huifikisha ndege mwanzo wa njia ya kurukia bila dalili yoyote, halafu injini inakata tamaa wakati inadaiwa nguvu zote.

Mchanganyiko nao, yaani uwiano wa mafuta na hewa. Kitasa chekundu kikisukumwa chote ndani kwa kimo cha Wilson, injini huzama kwenye mafuta na kupoteza nguvu. Nashika breki, natia throto (wenzo wa nguvu) yote, navuta kitasa polepole mpaka mizunguko ya injini kwa dakika ifike kilele. Nataka kuiona 2,300 hadi 2,400 kabla ya kuachia breki. Isipofika, narudi kwenye maegesho, hata kama abiria wanatazama saa.

Ndipo natamka mpango kwa sauti, na mwanafunzi wangu vilevile, kila safari: "Kasoro yoyote nikiwa ardhini, narudisha throto na kufunga breki. Nikiwa hewani na njia ingali mbele, nashusha pua natua juu yake. Njia ikiisha, natua mbele, ndani ya digrii 30 kushoto au kulia. Chini ya futi 1,000 juu ya ardhi sigeuki kurudi." Mahali pa kutua nataja kwa jina. Nikipaa kwa njia ya kurukia namba 14 nina uwazi wa Mbuga ya Nairobi. Nikipaa kwa 07 nina makazi ya watu, na lazima niwe nimeshachagua uwanja wa wazi au barabara kabla sijaingia kwenye njia.

Ndege ikianza kukimbia natazama mambo matatu: mizunguko, shinikizo la oili, na sindano ya mwendo kama imeamka. Kipimo changu cha kusitisha kupaa ni hiki: kufikia nusu ya njia niwe na asilimia 70 ya mwendo wa kuinua pua. Kwa 172S mwendo huo ni noti 55, kwa hiyo natafuta 39. Nisipozipata, nasimama. Asilimia 70 ya mwendo ni nusu ya nishati inayotakiwa, ndiyo maana kanuni hii hufanya kazi.

Sasa injini imenyamaza kwenye futi 300 juu ya ardhi. Ndege inapanda kwa noti 74, pua juu, na mwendo unayeyuka kwa sekunde chache. Mkono wa binadamu hutaka kuvuta usukani kwa sababu ardhi inakuja. Hapo ndipo watu hufa. Kitendo cha kwanza ni kusukuma, na kusukuma kwa dhati, mpaka kioo cha mbele kijae ardhi na sindano itulie kwenye 70. Wanafunzi wengi husukuma kidogo tu wakadhani wamesukuma. Huwa nawapeleka futi 3,000 juu ya ardhi, tunapanda kwa 74, narudisha throto ghafla, na wao wanahesabu sekunde kabla ya kufanya lolote. Wakiona mwendo ulipofika kwenye hesabu ya nne, hawahitaji mahubiri.

Kutoka futi 300 una kama sekunde 20. Ndege hii huteleza takribani futi 9 mbele kwa kila futi 1 ya kushuka, yaani unafika kama mita 800, na sehemu yake imeshaliwa na mshangao. Ukipata muda: mchanganyiko nje, vali ya mafuta vuta, magneto (umeme wa cheche za injini) zima, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) teremsha ukiwa na uhakika wa kufika, mwendo noti 65. Swichi kuu inazimwa baada ya flapu, kamwe si kabla, kwa sababu flapu hutumia umeme. Milango ifunguliwe kitasa kabla ya kugusa, fremu ikipinda isije ikawafungia ndani. Ukikosa muda, shika matatu: mwendo, mahali, milango. Ndege inayogusa ardhi ikiwa imenyooka na kuongozwa hata shambani huwapa watu nafasi. Inayoanguka kwa ubavu haiwapi.

Kuhusu kugeuka kurudi, nawapa hesabu badala ya amri. Kwa hali ya Wilson niliyoeleza, kuinama digrii 45 kunachora duara lenye kipenyo cha mita 336 hivi. Ukigeuza digrii 180 hujaiona njia, uko pembeni yake. Utahitaji kuzidisha kisha kugeuka upande wa pili, jumla kama digrii 270, sekunde 20 hivi. Ukiwa umeinama hivyo unashuka haraka zaidi, kwa hiyo zamu peke yake inakula futi 450 na zaidi, bado hujaweka sekunde za mshangao. Mwendo wa stoli, ambapo bawa huacha kubeba, hupanda kutoka 48 hadi 57. Na upepo uliokusaidia kupaa sasa unakusukuma mgongoni.

Kuna hali inayonisumbua zaidi ya hiyo: injini kupungua nguvu bila kuzimika. Shirika la usalama wa usafiri la Australia, ATSB, limeeleza kuwa kwenye ndege ndogo za injini moja jambo hilo hutokea wakati wa kupaa mara tatu zaidi ya kuzimika kabisa. Nguvu kidogo iliyobaki humshawishi rubani arudi uwanjani, akivuta pua ili asishuke. Nawafundisha waihesabu nguvu hiyo kuwa zawadi ya kuchagulia mahali, si ahadi ya kufika nyumbani. Tunaifanyia mazoezi kwa mizunguko 1,900, juu sana.

Wanaoendelea na ndege za injini mbili huja na faraja ambayo lazima niiondoe. Piper Seminole ikibaki na injini moja haipandi tena ikivuka takribani futi 4,000. Wilson yenyewe iko juu ya hapo. Injini ya pili inakuongezea umbali wa kuteleza, basi. Mstari wa buluu kwenye kipima mwendo, noti 88, yaani mwendo bora wa kupanda kwa injini moja, haupotezwi. Ukikaribia 56, pua itavutwa upande wa injini iliyokufa na usukani wa mkia hautatosha.

Tena kuna hatari ya kuzima injini nzima. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72, ndege ya abiria ya injini mbili ya shirika la TransAsia, ilipaa Taipei, injini ya pili ikapoteza nguvu, na rubani akarudisha nguvu ya ile ya kwanza iliyokuwa nzima. Watu 43 walikufa. Kwa hiyo hatua zangu ni za polepole makusudi: mguu usiosukuma pedali uko upande wa injini iliyokufa, nautaja kwa sauti, narudisha throto yake taratibu, mlio na mwelekeo visipobadilika, nimethibitisha. Hapo tu ndipo mkono unakwenda kwenye wenzo wa propela kuyalaza mapanga yakate upepo, na rubani wa pembeni anautazama mkono huo kabla haujavuta.