Reli moja, raha mbili

Jamani, kama unapenda reli za zamani, nenda Derbyshire, Uingereza. Reli iliyokatiza milima kwenda Manchester ilifungwa mwaka 1968, lakini haikufa yote. Kipande cha kati ya Matlock na Rowsley kilifufuliwa na watu wanaojitolea, na treni za mvuke zikarudi. Nilisimama karibu kabisa na injini: mchochea moto anafungua mlango wa tanuri, anatupa koleo la makaa ya mawe, joto linakupiga usoni, na chini mafuta yanang'aa kwenye vyuma vinavyosukuma magurudumu. Ile mashine ina uhai, nawaambia!

Mbele kidogo kuelekea kaskazini, vyuma viling'olewa na njia ikawa Monsal Trail, kilomita 13 na ushei za kutembea na kuendesha baiskeli. Treni haziwezi miinuko mikali, kwa hiyo njia ni laini, hata watoto hawachoki. Mahandaki yake yalifunguliwa kwa umma mwaka 2011. Halafu daraja la Headstone, matao matano juu ya mto Wye! Nilishindwa kuondoka. Mkienda bebeni koti, mahandakini kuna baridi hata kiangazi.